Sleyum bin Azzan, Mwosha Maiti Aliyewafungulia Wageni Maji

Alizaliwa Malindi, mjini Unguja, katika Mfunguo Tatu wa mwaka 1332, yaani mwishoni mwa 1914, mtoto pekee aliyeishi wa Azzan bin Musallam, muuza kahawa, na Khole binti Marzouq wa Wete. Baba yake alitoka Hail Sidra, kijiji cha mitende kilichojificha nyuma ya vilima mashariki ya Ibra, akavuka bahari angali kijana, wala hakurudi tena. Kwa hivyo Sleyum alikua akisikia Oman ikitajwa kila siku na asijue hata rangi ya udongo wake. Alisoma chuoni mpaka akahitimu Kurani, akajua kuandika, na masomo yake yakaishia hapo. Waliomjua utotoni hawakusimulia maajabu juu yake. Walisema alikuwa mtoto mpole, mzito wa kusema, na alilolisema lilikuwa hivyo hivyo alivyolisema. Hata watu wazima wakigombana sokoni juu ya jambo alilokuwapo, walimwita, wakamuuliza, wakatawanyika.

Wito wake ulimjia mwaka 1934. Baharia mmoja mgeni alifariki kwa ndui katika chumba cha nyuma cha mkahawa, na watu wakaogopa kumgusa. Mwosha wa mtaa, Mzee Mahrous, alikuwa na mikono miwili tu, na kazi ile yataka minne: mmoja akosha, mwengine amimina maji. Alisimama mlangoni akaita, hakuitikiwa. Sleyum, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akigawa vikombe vya kahawa, aliweka sinia chini akaingia. Mzee Mahrous alimwambia neno ambalo Sleyum alilikariri maisha yake yote: "Mshike kama aliyelala, ambaye hutaki kumwamsha." Tangu siku ile hakuiacha kazi hiyo, wala hakupokea ujira. Ilisemekana kwamba viungo vya maiti vilivyokakamaa vililegea akivishika yeye. Mzee Mahrous alipoulizwa juu ya hilo alijibu kuwa ni maji ya vuguvugu na subira. Lakini watu walipenda habari ya kwanza, na ndiyo iliyobaki.

Sanda alizinunua Darajani, katika duka la Jamnadas, Baniani aliyeuza bafta. Kwa miaka ishirini wawili hao walionana kila penye msiba. Sleyum alisema kimo cha marehemu, Jamnadas akakata kitambaa bila ya kuuliza jina, kisha wakanywa kahawa. Mwaka 1964 Sleyum aliingia dukani humo mara nyingi kuliko miaka yote iliyotangulia, mpaka siku moja bafta ikamalizika, na Jamnadas akavua mapazia ya nyumba yake akayakata. Sleyum aliosha aliowafikia. Ambao hakuwafikia aliwataja katika dua kwa majina, na kwa kuwa walikuwa wengi, dua zake baada ya Isha zikawa ndefu. Duka lilifungwa. Jamnadas akaenda kwa ndugu zake Bara Hindi, na hawakuagana.

Mwaka 1971 Sleyum aliondoka Unguja na mkewe Radhia na binti yao Aliya, akafika Maskati, na kutoka hapo akapanda lori siku mbili hadi Hail Sidra. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Jamaa wa baba yake walimpa chumba, zamu ndogo ya maji ya falaji kwa mitende mitatu, na jina la "Mzinjibari", kwa sababu Kiarabu chake kiliwachekesha hata watoto. Miaka ile zilirudi familia nyingine kutoka Unguja, Pemba, Tabora na Bujumbura, na zote zilionja mapokezi hayo: milango ilifunguliwa, lakini polepole. Wenyeji walipojua kazi yake walifurahi, maana mwosha wao alikuwa amekufa na hakuna aliyeitaka nafasi yake. Wakamkabidhi mughsala, pahala pa kuoshea maiti.

Inafaa kueleza pahala hapo, kwani maisha yake yote ya baadaye yalifungika napo. Falaji ni mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima, na kila kijiji huyagawa kwa mpango usiovunjwa. Juu kabisa watu huteka ya kunywa. Chini yake hutawadha, kisha hukoga wanaume, kisha wanawake. Chini ya wote, nyuma ya ukuta wa mawe, huoshwa maiti, na maji yakitoka hapo huingia mitendeni wala hayagusi tena mwili wa mtu. Sleyum alipafanya pahala hapo kuwa safi kuliko sebule nyingi. Alipasugua kwa majani ya mkunazi, akazibua mchanga, akapaka karafuu maiti kwenye mawe. Katika nchi yote ya baba zake, hapo ndipo pekee alipokuwa na amri.

Mnamo Disemba 1976 Jamnadas, aliyesikia habari za Mzinjibari wa Hail Sidra, alitokea mlangoni kwake. Ndugu zake walikuwa wamempatia kazi ya karani katika kambi ya wajenzi wa barabara, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kijijini. Radhia alisimulia kwamba wazee wale wawili walishikana mikono muda mrefu, kisha Jamnadas akasema, "Shikamoo, Bwana Sleyum. Leo sina bafta, nimekuja kuomba mimi." Akaeleza haja yake. Kambini mlikuwa na Wahindu mia sita na arubaini. Januari iliyofuata kwao pangekuwa na mkusanyiko mkubwa wa kukoga, unaorudi mara moja kila miaka kumi na miwili, ambapo mito mikubwa hukutana na watu hufika kwa mamilioni. Wao hawakupewa ruhusa ya kusafiri na pasi zao zilikuwa zimefungiwa kabatini. Walichopewa ni asubuhi moja, Jumatano tarehe 19, siku ya mwezi kutoonekana, wakoge popote watakapopata maji yanayokwenda. Hawakutaka ngoma wala sanamu. Tena siku hiyo, kwa desturi yao, mtu hunyamaza kimya mpaka amalize kukoga. Mabwawa ya bonde la Wadi Bani Khalid yalikuwa mbali mno kwa asubuhi moja. Alikwishabisha hodi vijiji vitatu na kukataliwa kwa adabu, na cha nne bila ya adabu.

Sleyum alikwenda kwa wazee wa kijiji baada ya Alasiri. Walimsikiliza, wakasema juu na kati haiwezekani. Mmoja wao akamwambia kwa mzaha, "Mughsala ni yako wewe, Mzinjibari. Wape, ikiwa wateja wako hawatanung'unika." Wote wakacheka, na Sleyum akachukua mzaha ule kuwa ni ruhusa. Inawezekana kwamba nao walikusudia hivyo. Hakuna aliyekuja kumzuia.

Matayarisho yalichukua wiki nne. Aliwapa majirani zamu zake zote za maji za msimu ule wa baridi, na badala yake akapata mfululizo wa maji kuanzia alfajiri ya Jumatano ile hadi adhuhuri. Mitende yake mitatu ikanyauka, na mmoja haukuzaa tena. Alibomoa ukuta upande wa mashariki, akachimba birika la hatua kumi na nane, akatandika changarawe aliyoibeba kutoka wadini, yaani kwenye mkondo mkavu wa mto wa mvua, ili tope lisipande, akajenga vidaraja vitatu vya mawe bapa kwa wazee. Alipima kwa kuingia mwenyewe kwenye baridi. Watu thelathini huingia pamoja, huzama mara tatu, hutoka upande wa pili, na mia sita na arubaini humalizika kabla ya jua kupanda juu ya vilima. Radhia alitaka kuwakaangia maandazi. Jamnadas akamweleza kwa upole kwamba wengi wao hawali kilichopikwa kwenye jiko la watu wengine, basi akaweka tende na ndizi.

Siku tatu kabla, Jamnadas alikuja kuona. Alizunguka birika, akatazama bamba refu la jiwe lililoegemezwa ukutani, akamtazama mwenzake. Aliijua kazi yake. Akauliza, "Pahala hapa mnafanyia nini, Bwana Sleyum?"

Sleyum akajibu, "Pana maji."

Jamnadas hakuuliza mara ya pili. Tangu Darajani hakuwahi kusikia neno la Sleyum likahitaji kuulizwa mara mbili.

Aliyeuliza ni Radhia, mchana wa siku ya pili, alipokuwa akiponda karafuu maiti. "Baba Aliya, umewaambia?" Alisema bado. "Utawaambia lini?" Alisema wakishakoga, kwa sababu wakijua kabla hawatakuja, na hawana pengine pa kwenda. Radhia aliacha kuponda. "Wakishakoga si kuwaambia tena. Ni kuwacheka." Sleyum alijua, kwa kuuza na kununua na Jamnadas miaka ishirini, kwamba kwa watu hao mauti ni najisi inayohitaji siku nyingi kuondoka, naye alijua pia kwamba kwake yeye hakuna pahala patukufu zaidi ya pale ambapo mja huandaliwa kukutana na Mola wake. Aliona kuwa anawapa kilicho bora alichonacho. Hilo lilikuwa kweli. Lakini hakuwaambia ni nini, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Jumatano tarehe 19 Januari 1977, siku za mwisho za Mfunguo Nne, walikuja kwa miguu kabla ya kupambazuka, wamejifunga mashuka, kimya kama desturi yao ilivyotaka. Waliposhuka kwenye birika, harufu ya karafuu maiti ikawapanda. Kwetu ni harufu ya jeneza. Kwao ndiyo inayofukizwa mbele ya Mungu wao, na wengi hawakuwa wameisikia tangu watoke makwao. Walikunja mikono vifuani. Mzee mmoja, Bhikhu, aliyepasua mawe kambini na ambaye mwanawe alikufa kijijini kwao mwaka uliopita asiweze kwenda kumsindikiza kwa desturi zao, alilia bila ya sauti akazama mara tatu, na mara ya nne kwa ajili ya mtoto. Sleyum alisimama kwenye kidaraja akawashika mkono wazee, mmoja mmoja, namna alivyofunzwa na Mzee Mahrous. Wakati huo angeweza kusema. Yeye peke yake, katika watu wote waliokuwapo, hakuwa na amri ya kunyamaza.

Siku nne zilipita. Hashil, dereva wa tangi la maji kambini, alikuwa mtoto wa familia iliyotoka Tabora. Hakuwa mtu mbaya. Naye pia aliitwa Mzinjibari ingawa hajaiona Unguja, na huenda alichoka kuwa anayechekwa. Alikuwa akijaza mapipa alipomwona Bhikhu, akamwambia kwa Kihindi cha kambini, "Umekuwa safi, mzee? Sisi pale hukoshwa mara moja tu, na hatuinuki." Watu wakauliza maana yake, akawaeleza. Baadhi yao walicheka. Baadhi walitapika. Bhikhu aliuliza mara mbili kama ni kweli, kisha akaweka nyundo chini.

Jamnadas alikwenda Hail Sidra siku ile ile, mchana, kwenye jua. Hakuingia ndani. Sleyum alimwambia, "Ningekwambia, wasingekuja." Jamnadas akajibu, "Wao wasingekuja. Lakini mimi ungeniambia. Nilikata mapazia yangu, Bwana Sleyum, na sikukuuliza ni ya nani." Akaondoka, na kwa miaka tisa hakusema naye ila maneno matatu.

Bhikhu alikataa kula na wenzake, akisema kwamba mara ile ya nne amempeleka mwanawe kwenye maji ya maiti wa watu. Alisema lazima akoge tena, kwenye mto. Tarehe 11 Februari mvua ilinyesha milimani na wadi ikajaa. Wenyeji wote wanajua kwamba wadi iliyojaa haiingiwi. Yeye aliona mto. Alipatikana jioni, mwendo wa nusu saa chini ya kambi. Sleyum alifika na ndoo yake na majani ya mkunazi, akaomba amwoshe. Jamnadas alisimama mlangoni akamwambia, "Mikono hiyo, la." Sleyum akarudi na ndoo. Waliokuwapo wametofautiana juu ya kifo hiki. Kuna wasemao kilisababishwa na ulimi wa Hashil, kuna wasemao ni mvua, na kuna wasemao ni ajali yake iliyokwishaandikwa. Sleyum mwenyewe, kila alipoulizwa, alitaja maneno yake mawili, "pana maji", wala hakuongeza udhuru.

Majaribu mengine yalitoka kijijini. Wazee waliocheka barazani walianza kusema kwamba mughsala imechafuliwa na makafiri. Mwaka 1978 wakajenga nyengine ya saruji na bomba. Hawakumsalimia njiani, na Aliya alichelewa kuolewa kwa sababu hiyo. Lakini alipokufa mtu walimtuma mtoto kumwita Sleyum, maana hakuna mwengine aliyejua kuosha. Alikuja, akaosha, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Mara kadhaa aliwaomba vijana wajifunze. Walimwambia wana kazi za serikali.

Katika miaka hiyo alijifunza sentensi moja ya Kihindi kutoka kwa mpishi wa kambi: kwamba hapa ndipo tunapoosha maiti wetu. Aliikariri akitembea. Ile mughsala ya zamani aliendelea kuizibua mchanga ingawa haikutumika.

Aprili 1986 mkusanyiko wao ulikuwa umerudi tena, safari hii kwenye mji wao mwengine wa mto, wenye hesabu yake wenyewe ya miaka kumi na miwili. Wafanyakazi wapya waliokuwa wakivuta waya za umeme walisikia kwamba zamani palikuwa na mzee aliyetoa maji, wakaja kuomba. Sleyum, akiwa na miaka sabini na moja na pumzi fupi, aliwaambia siku ile ile papo hapo ni pahala gani. Hawakuelewa vizuri Kihindi chake, wakadhani ni unyenyekevu wa mzee. Basi akatuma barua Sur, ambako Jamnadas sasa alikuwa na duka, ikiwa na mstari mmoja: njoo unisemee. Siku ya kukoga Jamnadas alikuja. Walikuwa wamefika watu mia mbili na wanne. Wazee wale wawili walisimama penye uwazi wa ukuta, na kila mtu alipofika kabla ya kufungua shuka, Sleyum alisema sentensi yake na Jamnadas akaisema tena kwa ufasaha, kwa mmoja mmoja, mara mia mbili na nne. Watu mia moja na tisini na tatu waligeuka wakarudi. Wengine walitema mate. Kumi na moja waliingia majini wakijua.

Ilipomalizika, Sleyum alimwonyesha Jamnadas maji. Jamnadas akasema, "Mimi sikogi, Bwana Sleyum. Nilikuja kusema tu." Kisha akakubali tende moja, akaila akiwa amesimama, akapanda gari.

Sleyum bin Azzan alifariki Julai 1986, mwanzoni mwa Mfunguo Pili, kwa ugonjwa wa kifua, saa ya Alasiri. Hail Sidra, aliyoioshea maiti zake miaka kumi na mitano, haikuwa na mtu wa kumwosha. Walijaribu wawili, wakabishana juu ya upande wa kuanzia, wakaacha. Gari lilipelekwa Ibra kumtafuta mwosha, na katika joto la Julai marehemu alisubiri mpaka saa nne ya asubuhi ya pili, Radhia akimpepea. Jamnadas alifika kutoka Sur na bafta mpya. Wakamwambia aiweke ukutani.

Leo wapo wanaosema kwamba maji ya mughsala ya zamani hayakukauka tangu afe. Ukweli ni kwamba yalikauka kiangazi cha 1987 na yakarudi na mvua, kama ya wengine wote. Wapo wanaosema kwamba usoni alikuwa na nuru. Radhia alisema alikuwa na uso wa mtu aliyechoka. Kijiji sasa humtaja kwa heshima na kumwita mja mwema, na waliomnyima salamu ndio husema zaidi. Yote hayo hayamzidishii wala hayampunguzii. Alitoa maji yake yote kwa watu waliokataliwa na vijiji vinne, na akawaficha neno moja, na kwa hilo moja mtu alikufa na rafiki akapotea. Kisha akaishi miaka tisa akijifunza kulisema. Si kila mmoja wetu ana falaji ya kutoa. Anayetaka kumwiga na aanzie pale alipoishia yeye, penye uwazi wa ukuta: amwambie mtu ukweli kabla hajavua nguo zake, na akigeuka kwenda, asimlaumu.